Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya barabara za Malindi: mtu wa miguu nae ana haki yake

Kwenu waheshimiwa wa kaunti, wakubwa wa manispaa, maafande wa trafiki, mainjinia wa barabara kuu na za mjini, watu wa leseni na usalama barabarani, na nyinyi wenyeviti wa stej za tuktuk, boda na matatu hapa Malindi. Assalamu alaikum, na wale wa salamu nyengine hamjambo nyote.

Naandika hapa wazi manake barua za bahasha zinapotelea mezani, na pia manake nataka kila mmoja wenu asome akijua kuwa na mwenziwe anasoma. Jambo langu ni moja tu. Malindi hii watu wengi wanatembea. Wanafunzi, mama wa soko, wafanyikazi wa hoteli, wavuvi, vijana wa mjengo, wazee wanaotoka msikitini alfajiri, wengi wetu tunaenda kwa miguu ama tunashuka tuktuk halafu tunamalizia kwa miguu, na huyu mtu wa miguu ndie hana pake barabarani. Amefukuzwa kila upande. Na waliomfukuza ni tabia za kuendesha za kila siku, zile ambazo nyinyi mnaziona na mnazipita, zimezoeleka mpaka hakuna anaeuliza.

Mimi nina duka dogo linaloangalia barabara, nafungua mapema nafunga baada ya Isha, kwa hivo haya sikuhadithiwa na mtu, yanapita mbele ya macho yangu kutwa. Nianze na njia ya miguu. Ipo, simenti ilimwagwa, mawe ya pembeni yakapangwa, waliojenga walifanya kazi yao. Lakini ikifika saa mbili asubuhi huipati tena. Tuktuk tatu nne zimepanda juu zinangoja abiria, boda zimejipanga ubavuni, gari ya mtu imeingizwa pua mpaka mlango wa duka la M-Pesa sababu mwenyewe anatoa pesa "mara moja tu", mbele kuna lundo la kokoto la jengo linalojengwa mwaka nenda mwaka rudi, na hapo katikati mwenye duka ametoa magodoro yake nje yaonekane. Sasa mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi afanye nini? Anashuka kwenye lami. Akishashuka anapigiwa honi, tena honi ya hasira, ile ya kumwambia toka, na yeye ndo anaonekana mkosa.

Saa za msongamano, soko likichangamka ama shule zikitoka, boda nao wanapanda wanapita juu ya hio hio njia ya miguu wakipiga honi nyuma ya migongo ya watu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2012 ililitaja hili peke yake kuwa ni kosa, kupitisha chombo cha moto kwenye njia ya wanaotembea. Sheria iko. Kutwa nakaa hapa na sijaona mtu akisimamishwa kwa sababu ya hilo. Naona wakisimamishwa kwa mambo mengine, hilo nitalifikia.

Sasa kuvuka. Juzi asubuhi, kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, msichana wa shule alikuwa amemshika mdogo wake mkono anataka kuvuka. Hapo palikuwa na zebra, sasa vimebaki vipande vya rangi huku na huku, ukitaka kuiona mpaka uwe unajua ilikuwa wapi. Msichana akainua mkono. Zikapita boda mbili, ikapita probox, ikapita pikapu ya mboga, mkono bado uko juu. Halafu tuktuk moja ikasimama. Yule dereva, kijana tu, akafanya zaidi ya kusimama, akautoa mkono wake wa kulia nje akawa anaupunga chini chini kuwaambia walio nyuma tulieni kuna watoto. Watoto wakaanza kuvuka. Matatu iliokuwa nyuma haikutulia, ikachomoka upande wa kulia ikaovateki, kijana akapiga kelele "rudi, rudi!", yule msichana akamvuta mdogo wake kwa begi mpaka mtoto akaanguka akakaa kwenye lami. Matatu ikapita. Kondakta alikuwa amening'inia mlangoni, akamtukana mwenye tuktuk, eti kwa nini anasimama katikati ya barabara.

Mtoto hakuumia alhamdulillah, alijipangusa wakaenda shule. Lakini tizameni vizuri hapo. Yule asiyesimama unamuona anakuja, unarudi nyuma. Anaeuwa ni yule anaempita aliesimama. Anaona chombo kimesimama mbele yake na hajiulizi kimesimama kwa nini, anachofikiri ni kwamba kinamchelewesha. Kimesimama sababu mbele yake kuna mtu! Na matusi yale aliyapata nani? Aliyapata yule mmoja aliefanya haki. Kesho yule kijana akija pale pale akiona mkono wa mtoto umeinuliwa, atasimama tena ama atasema na mimi niende zangu? Hivi ndivo tabia nzuri inavyofia barabarani, mwema anatukanwa, mkorofi anafika mapema, na nyinyi wakubwa wa barabara hammo kwenye hesabu.

Nataka niwape hesabu ndogo. Gari inayokwenda kilomita 80 kwa saa inakula mita 22 kila sekunde. Ya kilomita 50 inakula mita 14. Chukulia barabara ina upana wa mita 7, na bibi mzee mwenye goti linalomsumbua anatembea kama mita 1 kwa sekunde, basi anahitaji sekunde 7 kufika ng'ambo. Ndani ya hizo sekunde 7 ile gari ya 80 imeshakuja mita 155. Yaani bibi alipoweka mguu wa kwanza kwenye lami gari ilikuwa mbali kule, pengine hakuiona, masikio nayo yameshachoka, ameangalia kulia ameangalia kushoto ameangalia tena kulia akaona pako wazi. Amefanya kila kitu sawa na bado inamkuta katikati. Halafu watu wakishakusanyika utasikia mmoja anasema hawa wazee wanavuka ovyo. Hapana jamani. Hakuvuka ovyo.

Sheria inasema ndani ya mji ni 50. Nani anaendesha 50? Dereva anaetoka Mombasa amekuja kama kilomita 120, amepita Kilifi, amepita msitu wa Arabuko Sokoke, Gede, Msabaha, mguu umeshazoea, na jicho likishazoea mwendo mkubwa hata 70 unaiona ni pole pole. Binadamu ndivo alivyoumbwa, hata dereva mtulivu linamkuta. Upande wa huku juu kuna wale wanaoshuka kutoka daraja la Sabaki, malori ya chumvi ya Gongoni na Marereni, mabasi ya Lamu. Halafu kuna gari za muguka, yale majani ya kutafuna, ambazo zinakimbiza bei, mzigo ukichelewa umenyauka, na hizo zikija kila mtu anajua, mpaka kuku wanajua. Wote hawa wanaingia mjini na mwendo wa barabara kuu, na mji unaanza ghafla, maduka, stej, watoto, mkokoteni wa maji. Kibao cha 50 peke yake hakimpunguzi mtu mwendo, na kibao chenyewe ukitafute nyuma ya matawi ya muarobaini. Kinachompunguza mtu ni barabara kubadilika sura, tuta linaloonekana, rangi, taa, njia kubanwa kidogo, na kuwepo kwa mtu anaepima mwendo pale mji unapoanzia, sio kule mbele kwenye kivuli cha mwembe.

Kuhusu matuta niseme kidogo. Kuna mitaa watu wamejijengea matuta yao wenyewe. Mtoto anagongwa, watu wanazika, jioni wanakuja na majembe wanamwaga udongo na mawe barabarani, hawangoji mtu. Mimi siwalaumu. Lakini tuta lisilo na rangi wala kibao likikutana na boda usiku ni msiba mwengine, abiria anarushwa, na mara nyingi abiria ndie hana helmeti. Haya mambo yalitakiwa yafanywe na injinia kwa vipimo vyake kabla ya kuzika mtu, sio na wafiwa kwa majembe.

Na usiku wenyewe sasa. Mtu anakuja amewasha fulu, hadimu, unabaki unaona weupe tu. Tuktuk imeungua taa ya upande mmoja inakuja ukidhani ni pikipiki, unaipa nafasi ya pikipiki, kumbe ni tuktuk na ubavu wake ule usio na taa ndo unakuja kwako. Mkokoteni hauna reflekta. Boda wengine hawawashi taa kabisa mpaka waone gari. Katikati ya haya yote kuna msichana anaetoka kazini hotelini saa nne za usiku anatembea kwenye ukingo wa lami sababu pembeni ni mtaro. Taa za barabarani zipo sehemu, sehemu nyengine zimebaki nguzo. Mkitaka kujua ni za nani, Katiba ya 2010 kwenye Jedwali la Nne imeziandika taa za barabarani, pamoja na trafiki na maegesho, ndani ya kazi za kaunti.

Hapa niseme ukweli kuhusu madereva maana sitaki mtu asome hii barua akafikiri nimekuja kuwatukana vijana wetu. Kijana wa boda ama wa tuktuk anaamka na deni. Kuna hesabu ya mwenye chombo, kila siku iwe jua iwe mvua, watalii wawepo wasiwepo, hesabu ni ile ile. Akimaliza hesabu ndo anaanza kutafuta ya mafuta, na baada ya mafuta ndo ya nyumbani. Matatu nayo ni hivo hivo, tena kuna wale wa skwadi wanaopewa gari mzunguko mmoja tu, huyo kila sekunde anaiona ni pesa inaanguka. Mtu wa namna hii ukimwambia simama mwache bibi avuke anakuona unamla. Kwa hivo wenye vyombo nao waitwe mezani. Ni watu wa heshima hapa mjini, tunawajua, tunasali nao, wanakuja kwa mikutano yenu na wanakaa viti vya mbele. Waulizwe hio hesabu wanayodai inalipika kwa kuendesha kihalali? Na kama hailipiki mpaka mtu apande njia ya miguu na abebe watu watatu nyuma ya pikipiki wakati sheria inasema mmoja, basi mwenye chombo nae amelifanya kosa akiwa amekaa kwake.

Na stej. Vijana wa tuktuk wanasema wanalipa ada na bado hawajaonyeshwa pa kusimama, wakisimama hapa wanafukuzwa, wakisimama pale wanafungwa nyororo. Mimi nawaamini katika hilo. Huwezi kumwambia mtu usipande njia ya miguu halafu hujampa pa kukaa. Wapeni sehemu, wekeni alama, andikeni tuktuk ngapi, na mkishafanya hivo aliebaki juu ya njia ya miguu hatakuwa na la kusema.

Wengine mtajibu kwamba Mkenya hasikii, utafanya lote na hatabadilika. Si kweli, na wenye umri wangu wanakumbuka. John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi alitoa masharti yake ya matatu mwaka 2003, yakaanza kufanya kazi Februari 2004. Mikanda kila kiti, kidhibiti mwendo cha 80, mstari wa manjano ubavuni, dereva avae buluu, kondakta maruni, hakuna kusimamisha abiria. Siku zile za kwanza matatu zilikosekana, watu walitembea mpaka miguu ikafura, lakini haukupita muda watu wazima ambao maishani mwao hawajawahi kugusa mkanda wakawa wanaufunga wenyewe kabla kondakta hajasema. Watu walikuwa wale wale na barabara zile zile. Aliekuwa juu alikusudia, na aliekuwa chini akajua kwamba safari hii amekusudia. Mikono ilipolegea na mikanda ikalegea. Leo panda matatu ya kwenda Kilifi uutafute mkanda, utaukuta umepigwa fundo chini ya kiti.

Kwa hivo tuje kwenye kusimamisha. Sitataja afande wala kituo. Nasema tu kile ambacho kila abiria wa pwani hii amekiona, gari inasimamishwa, dereva ananyoosha mkono nje, wanasalimiana, gari inaondoka na abiria wake waliozidi na tairi lake kipara. Dereva akishaijua bei ya kosa basi kosa limeshaingia kwenye hesabu zake za siku, pamoja na mafuta. Hata ukiwa na sheria kumi mpya hazitamgusa. Na mtu wa miguu hapati chochote katika ile salamu, yeye ndo ameuzwa pale.

Lipo jengine la kuanzia juu. Gari moja la umma, siitaji ofisi, lilikuta foleni hapa mbele ya duka likapanda njia ya miguu na magurudumu ya kushoto, hazadi zinawaka, watu wakajibana ukutani likapita. Ndani kulikuwa na mtu mmoja nyuma anasoma simu. Boda waliokuwa kwenye foleni walitizamana, halafu mmoja akapanda akafuata, na wa pili, na wa tatu. Hakuna aliehitaji kufundishwa. Waheshimiwa, magari yenu ndo madarasa ya udereva ya mji huu. Gari la umma likisimama kwenye zebra watu kumi nyuma yake wamesimama nalo, wapende wasipende. Hili halihitaji bajeti wala kikao, ni kumwambia dereva wako leo jioni.

Nimejaribu kufuatilia ile zebra kwa njia za kawaida. Ofisi moja iliniambia barabara hio sio yao nende ofisi nyengine, ile nyengine ikaniambia wao wanashughulika na lami, alama sijui nani, nikaambiwa niandike, nikaandika. Najua kuna mgawanyo. Sheria ya Barabara ya 2007 ndo ilioleta KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini, KeRRA kwa za vijijini, na kaunti nayo ina zake. Sawa, mgawanyo ni wa kwenu na una maana yake. Lakini mtoto akiinua mkono pale hajui lami aliyokanyaga ni ya nani, na dereva nae hajui. Kaeni meza moja, hapa hapa Malindi, mmalize nani anapaka rangi wapi, halafu mtuandikie kwenye ubao wa manispaa, zebra hii ni ya fulani, taa hizi ni za fulani, namba ya kupiga ni hii. Tukijua ni ya nani tutamsumbua mwenyewe, hatutawasumbua nyote.

Na msifikiri naongea makubwa kwa ajili ya mtoto alieanguka akainuka. Kenya inapoteza watu zaidi ya 4,000 kila mwaka barabarani miaka hii ya karibuni, na kundi linaloongoza ni wanaotembea. Duniani, Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, kuliko maradhi yoyote. Hizo ni za kufa. Za kuvunjika hazisemwi. Za kuvunjika mnaziona kwenye magrupu ya simu, picha ya mguu wenye vyuma, jina, namba ya kutuma mchango, "ndugu zetu chochote ulicho nacho". Mtaa mzima unachangishana mguu wa mtu mmoja, na yule mtu alikuwa fundi, alikuwa analisha watu, sasa amekaa kibarazani anangoja. Na aliemgonga aliendelea na safari, ama alikuwa na bima iliokwisha, ama ni kijana wa boda ambae nae yuko kitanda cha pili amevunjika vile vile.

Nnachoomba mnakijua tayari ila nakiandika ili kisemwe kimeandikwa. Zebra zote mbele ya shule, soko, hospitali na misikiti na makanisa yalioko kando ya barabara zipakwe rangi upya, na zipakwe kila mara zinapofifia, sio wakati mgeni mkubwa anapokuja. Mbele ya shule awepo mtu wa kuvusha watoto asubuhi na mchana, mwenye jaketi la reflekta na kibao cha kusimamisha, wazazi wengine wako tayari kufanya hio kazi kwa zamu wakipewa mafunzo na ruhusa. Matuta yanayoeleweka kwenye miingilio yote ya mji, yenye rangi na kibao. Na muangalie sana huu mwendo wa 50 kwa sehemu kama soko na shule. Februari 2020 mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm ulisema pale wanapochanganyika watu wa miguu na magari mwendo usizidi 30, na Agosti mwaka huo huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaunga mkono azimio lile. Gari ya 30 inakula mita 8 kwa sekunde, dereva anakuwa na nafasi ya kumuona bibi na bibi anakuwa na nafasi ya kumuona dereva. Sehemu yenyewe ni fupi, mita mia mbili tatu, hakuna atakaekosa ndege.

Njia za miguu zifunguliwe, kokoto zitolewe, na aliejenga atozwe. Taa ziwashwe. Maafande wa trafiki wakae wiki nzima wakiangalia kitu kimoja tu, anaempita aliesimama kwenye zebra, wakamate hilo peke yake, muone mji utakavyotulia.

Wenyeviti wa stej, nyinyi mna nguvu ambayo hata serikali haina. Nyinyi mkimfungia mtu stej siku tatu ameelewa kuliko mahakama. Mna sheria zenu za foleni, anaeruka foleni mnamuadhibu papo hapo, kwa nini anaepanda njia ya miguu hamumuadhibu? Na yule kijana wa tuktuk aliesimama, tafuteni namna ya kumtaja mbele ya wenziwe kwenye kikao chenu, ajue alionekana.

Wenye maduka wenzangu, njia ya miguu haiishii pale ulipoweka godoro. Na sisi abiria tuna letu. Tuktuk tunaisimamisha kwenye kona, juu ya zebra, popote mguu ulipochoka, halafu tunalalamika kwamba wanasimama ovyo. Tunapanda boda watatu sababu nauli itagawanyika. Dereva akikimbia tunanyamaza, anaesema "pole pole dereva" anaonekana muoga, gari nzima inamtizama. Semeni. Watu wawili wakisema kwa pamoja dereva anasikia, nimeona.

Mwisho, waheshimiwa wa kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inawataka mpeleke mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na kabla ya hapo wananchi wanatakiwa washirikishwe. Sisi wa upande huu tunaokaa kando ya barabara tunakusanyana, wenye maduka, walimu, wazee wa mtaa na vijana kadhaa wa boda waliokubali kuja. Tutakuja kwenye kikao cha maoni na picha za kila zebra, kila nguzo isio na taa na kila tuta lisilo na rangi, na sehemu ilipo. Tunaomba injinia awepo siku hio, sio mwakilishi wake, na aje na mpango wenyewe ukiwa umechapishwa, manake swali letu la kwanza litakuwa rangi ya zebra iko ukurasa gani na ni shilingi ngapi.

Wenu,
Mkaazi na mfanyibiashara, Malindi